Mkono wa Mpira na Ng'ombe Anayeitwa Madam

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mkono wangu umenikaidi tena. Si huu wa mwili. Ule wa mpira, roboti laini, usio na mfupa wala chuma. Ukiujaza hewa, vidole vinajikunja. Hiyo ndiyo nadharia. Leo nimeuamuru ukunje kidole kimoja. Umekunja vitatu, ukanyakua kikombe cha Profesa Kahiga, ukakitupa.

Profesa hakucheka. Amesema kuanzia Julai mradi una nafasi moja tu, na tuko wawili, mimi na Chepkemboi. Ijumaa tunaenda Subukia kwa Mama Jepleting, mfugaji. Mkono utakaomkamua ng'ombe wake vizuri utabaki, pamoja na mwenyewe. Mwingine arudi kufundisha mwaka wa kwanza kuunganisha nyaya. Chepkemboi amejaza mbao tatu kwa hesabu za kuuongoza mkono wake. Ubao wangu una ratiba ya mechi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Pampu ya mguu, nimeificha ndani ya gambuti la kulia, buti langu la mpira. Nimelitoboa gambuti kando ili pampu ivute hewa. Mrija unapanda ndani ya suruali, unatokea mfukoni hadi kwenye roboti. Kompyuta itaonyesha grafu za kupendeza zisizofanya kazi yoyote. Mguu ndio utakaofanya kazi. Kwani mguu wangu hauongozwi na ubongo? Sayansi ni ile ile.

Nimefanya mazoezi na glavu iliyojaa maji. Nimekamua hadi sakafu ikalowa. Tatizo ni moja: pampu inalia fyuu. Kila fyuu, nakohoa. Fancy, fundi wa maabara, ameniletea chai ya tangawizi na kuniambia nikapumzike. Chai nimekunywa.

Jumatano, 11 Juni

Kujihami si dhambi. Nimeuhamishia mkono wa Chepkemboi dirishani, juani. Mpira ukipata joto hulegea, hesabu zote zikapotea njia. Kisha nikajibanza nyuma ya kabati nimwone akilia.

Hakulia! Mkono ulikosea mara tatu, akaurekebisha, akapiga kelele za furaha. Kumbe alikuwa ameupima kwenye baridi tu, na chuchu za ng'ombe zina joto. Amenishukuru mbele ya Profesa kwa kumkumbusha. Profesa amenisifu kwa moyo wangu wa ushirikiano.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi. Mguu wa kulia sasa ni mnene kuliko wa kushoto. Chepkemboi alifunga kompyuta saa kumi akaenda zake kwaya. Watu wasio na mpango wa pili wananisikitisha.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike upesi kabla sijabadilisha ukweli.

Kuingia zizini kwa Mama Jepleting, lazima ukanyage karai la dawa ya kuua viini, sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Wenzangu walikanyaga mara moja wakapita. Mimi, kwa adabu, nilisimama humo nikimsalimia mama na kuulizia mahindi yake, huku mguu ukipasha misuli moto.

Chepkemboi alitangulia. Mkono wake ulimgusa Madam, ukalegeza, ukakaza taratibu. Maziwa yakaingia ndooni. Madam akaendelea kutafuna. Mama Jepleting akasema hata mzee wake hajawahi kumkamua hivyo.

Zamu yangu. Nikakohoa, nikakanyaga. Vidole vikajaa. Si hewa, dawa! Gambuti lilikuwa limeinywa yote kupitia lile tundu. Vikambana Madam kwa nguvu, naye akarusha teke. Kidole kikapasuka. Dawa ikamwagika kwenye ndoo ya Chepkemboi, na iliyobaki ikampata Profesa miwani hadi tai.

Mama Jepleting akautazama mguu wangu, ambao ulikuwa bado unakanyaga. "Kijana, kwani wewe unakamua na mguu?" Akapandisha mguu wa suruali yangu, mrija ukaonekana mbele ya watu wote. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Maziwa yalimwagwa. Nafasi ni ya Chepkemboi.

Jumamosi, 14 Juni

Chepkemboi amenipigia simu asubuhi. Amemwomba Profesa anibakize kama msaidizi wake! Nilikaribia kulia, kweli. Sharti ni moja. Julai yote, kila saa, nipime joto la mpira na kuliandika daftarini, bila ujanja hata chembe, kwa kuwa hesabu zake zote zinategemea hilo joto. Nimemwapia kwa kogo, bibi yangu.

Mimi ni mtu mpya. Nimenunua daftari na kuanza kazi papo hapo. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza Julai nzima. Tarehe kumi na saba nimeweka mvua, ili ionekane kweli.