Kulia, Kuria

Jumatatu, 6 Oktoba
Nina miaka hamsini na tatu. Leo nimeanza rasmi kazi ya udereva wa mbio za magari. Miaka ishirini na sita niliendesha foklifti kiwandani Thika, mwendo wa kobe, nikijizuia. Basi! Nimejiandikisha mbio za Jumamosi, Ruiru.

Odongo, jirani yangu hapa Gatongora, naye amejiandikisha. Ana Subaru na miaka ishirini na tisa. Aliniuliza kama mkongojo utatoshea kwa buti. Nilicheka. Iliniuma.

Wangechi, mke wangu, ametoa hukumu: nisipomaliza mbio, gari langu linarudi kubeba mayai yake ya kuuza Mwihoko. Milele.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mbinu! Wainaina, fundi wangu, atasimama juu ya tuta aone uwanja wote, aniongoze kwa simu. Yeye anatazama kona, mimi nakanyaga mafuta. Odongo hana akili kama hizi. Wainaina ameniapisha nitii kila neno, bila maswali. Nimeapa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu! Mizunguko mitatu nilikuwa mbele ya Odongo. Mbele! Mara Wainaina akanipigia kelele sikioni: "Kuria! Kuria!"

Kwetu Wakikuyu, kuria ni kula. Nilishangaa kidogo. Lakini kiapo ni kiapo. Nikachukua ngwaci, kiazi kitamu nilichofungiwa na Wangechi, nikauma. Akazidi kunifokea kwa jina langu: "Kuria haraka, Njau!" Nikajaza mdomo. Ndipo nikaona njia imekata kona upande wa kulia, na mimi naenda moja kwa moja. Nyasi. Tope. Kimya. Odongo alipita akipiga honi.

Nilivutwa na trekta. Wainaina anashikilia kwamba alitamka "kuria" vizuri kabisa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Trei kumi na nane za mayai, kiti cha nyuma. Wangechi hakunigombeza. Alinipa tu orodha ya maduka ya Mwihoko. Heri angenigombeza.

Lakini mbinu haikuwa na kosa. Kosa ni Kiswahili! Nimemwagiza Wainaina aache kabisa neno hilo, aseme "right" kama Mzungu. Tumefanya mazoezi leo tukipeleka mayai, yeye kando yangu. Tulipokaribia kona akapaza sauti: "Light!"

Nikawasha taa.

Kona tuliipitiliza. Trei mbili za mayai zimevunjika. Lakini taa zinawaka vizuri sana. Mbio za Desemba nimeshajiandikisha. Odongo ajipange.