Chafya ya Fundi Cherehani

Enyi mliokaa nanyi mliosimama, acheni soga, kohoeni sasa mmalize, nipate kuwasimulia vita alivyopigana Fundi Cherehani, simba wa sindano, sultani wa pasi ya mkaa, katika ukumbi wa maigizo, bila kuinuka kitini!

Mkewe alikuwa malkia jukwaani, na malkia huyo hukata roho mwishoni mwa mchezo. Siku moja kabla ya vita hivyo Fundi, akiwa ameketi nyuma kabisa, alimwona akianguka, akasahau kwamba hata gauni la kufia amelishona mwenyewe, akatimua mbio hadi jukwaani akilia, "Mama Watoto, usiniache!" Watu wakavunjika mbavu. Malkia alifufuka kwa hasira.

"Leo unakaa mbele nikuone," mkewe alimwambia, akijipaka unga wa ngano usoni apate rangi ya maiti. "Kazi ya mtazamaji ni kuamini huku amekaa. Ukiniharibia kifo changu tena, mimi na maigizo basi."

"Naapa kwa mkasi wangu," shujaa akanguruma, "hata paa likiporomoka, nitaporomokewa kimya!"

Saa ikawadia. Malkia akayumba, akaanguka kwa kishindo, na unga ukanyanyuka usoni pake kama jeshi la wapanda farasi, ukavuka taa za ukingo wa jukwaa, ukaizingira pua ya Fundi. Chafya ikabisha hodi. Fundi akafunga malango. Ikarudi na matarumbeta. Akabana pua, akauma leso, macho yakamtoka, jasho jembamba likamtiririka hadi kwenye soksi. Kando yake mama mmoja alikuwa akilia kwa kwikwi, nyuma yake ukumbi mzima umebana pumzi. Fundi alimpenda mkewe sana wakati ule. Kimya kile mkewe alikuwa amekihangaikia kwa miezi, na sasa chote kilikuwa juu ya pua moja.

Pazia likaanza kufungwa. Likakwama! Likavutwa, likagoma, likavutwa tena, likafungwa.

"HACHIIII!"

Ndipo nyuma ya pazia maiti akasahau kufa.

"Pole, Baba Watoto!"

Lo! Vicheko, makofi, vigelegele, watu wima! Malkia akatoka na unga wake, akainama, kisha akanyoosha mkono kuelekea kiti cha mbele. Na iandikwe, vizazi visome: Fundi Cherehani, mtazamaji wa kwanza kushangiliwa kwa kukaa, akasimama, akainama kwa madaha, akapiga chafya ya pili.