Fahali wa Baba Resiato Ameandikwa Jina Langu

Leo nimeiba fahali. Mchana, mbele ya mwenyewe, kwa projekta, ukumbi umejaa watu. Na huyo mwenyewe ni baba ya msichana ninayetaka kuoa.

Ngojeni, msikimbilie komenti. Nitaeleza polepole.

Kwa wale hawajui kazi yangu: mimi huunda programu. Nikiwa ndio nimetoka chuo, nilikuwa mmoja wa watu sita waliounda jukwaa moja la blokcheni, enzi zile ukitaja hilo neno Kitengela watu wanadhani unauza cheni za pikipiki. Sisi sita hatukuwahi kuonana. Mmoja alikuwa Poland, mwingine Brazil, mimi kwa chumba cha kupanga, godoro kwa sakafu. Tulichounda ni daftari tu, lakini daftari ambalo kila mtu ana nakala yake, na kitu kikishaandikwa hakifutiki. Sasa, ile sehemu ya kukataa kufuta niliandika mimi. Yule wa Poland aliomba tuweke dakika tano za kujuta, mtu akikosea arudishe. Nikampinga wiki nzima! Nikamwambia maneno ya kweli hayahitaji kifutio. (Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mnisamehe.)

Tangu hapo naishi nikiota. Asubuhi nikisimama kwa balkoni na chai naona twiga kule mbugani, mbali, wamesimama kwa ukungu kama wamesahau walikuwa wakienda wapi. Mimi nao tunasahau pamoja. Naanza kuwaza dunia ambayo kila kiumbe kina ukurasa wake na hakuna mtu wa kuupasua. Nikizinduka, chai imekuwa baridi. Mama yangu husema nilizaliwa nikisinzia na sijawahi kuamka vizuri.

Leo pia chai ilikuwa imeshapoa wakati Resiato alipopiga simu. Resiato ndiye msichana mwenyewe. Anafundisha hesabu shule moja hapa Kitengela, na haoti.

"Kioko, umeamka ama umefungua macho tu?"

"Nimeamka."

"Baba anadhani unacheza michezo kwa laptopu. Leo akuone ukifanya kazi. Akiridhika, utatuma wazee wenu waje nyumbani. Asiporidhika, mimi nimeishiwa na maneno ya kukutetea. Tafadhali, leo usiote."

"Nitaotaje na watu wamejaa?"

(Jamani, naweza.)

Basi tukaenda Kajiado. Kuna kikundi cha wafugaji kule wamechoka na wizi wa ng'ombe, na nimewaundia daftari lao juu ya lile jukwaa letu la zamani. Kila mnyama aandikwe, na mwenyewe aandikwe. Ukitaka kununua ng'ombe, unaangalia kwa simu kwanza ni wa nani. Hiyo ndiyo ndoto yangu kubwa, kwamba kile kitu tulichounda watu sita tusiojuana kije kulinda ng'ombe wa watu ninaowajua. Na Baba Resiato alikuwa amekubali fahali wake awe wa kwanza kuandikwa.

Huyo fahali anaitwa Chifu. Ni mwekundu, nundu kubwa, na anatembea kama ameitwa kufungua mkutano. Walimfunga nje ya mlango wa ukumbi, kichwa kikawa kinachungulia ndani.

Nilipomfikia Baba Resiato nikainamisha kichwa anishike utosini, vile watoto wa Kimaasai husalimia wazee. Akaniangalia. Akanishika mkono. (Niko na miaka thelathini na nne na ndevu.) Tukaanza vibaya hapo hapo.

Nikawasha projekta. Nikaeleza. Resiato akawa anatafsiri Kimaasai kwa akina mama waliokaa nyuma. Baba Resiato akainua fimbo yake.

"Hii daftari yako iko wapi?"

"Iko kila mahali, mzee. Kila mtu ako na yake. Mwizi akibadilisha moja, zile zingine zinamkataa."

"Mm. Na mtu akiandika uongo?"

Watu wangu, hapo ndipo ningesema, "Mzee, hilo ni swali zuri." Badala yake nikanyoosha mgongo.

"Mzee, daftari hii haijui uongo!"

Akaitikia kwa kichwa. Resiato akanitabasamia kutoka kule nyuma. Nikasikia mwili mzima umekuwa mwepesi.

Nikaanza kuandika, watu wakiona kila herufi ukutani. Jina, Chifu. Rangi, nyekundu. Alama ya sikio, nikaandika vile nilivyoambiwa. Nafasi ya mwisho ni ya mwenyewe, na hiyo programu huijaza yenyewe kwa jina la mwenye laptopu. Unatakiwa ubadilishe. Mimi ndiye niliunda, najua vizuri kabisa unatakiwa ubadilishe.

Lakini nikainua macho. Chifu alikuwa mlangoni anatafuna bila haraka. Nyuma yake nyika imefunguka mpaka mwisho wa macho, na vivuli vya mawingu vinatembea juu ya nyasi, kimoja kikifuata kingine. Kukawa kimya ndani yangu. Nikaona ng'ombe wote kutoka hapa hadi Namanga wanalala salama, kila mmoja na mstari wake. Nikajiona mzee, meno mawili yameenda, nimekaa kwa kigoda kando ya Resiato naye bado anasahihisha vitabu vya hesabu, na wajukuu wetu wanasoma ule mstari wa kwanza kabisa wanauliza, "Babu, huyu Chifu alikuwa nani?" Nikataka kulia kidogo. Nikatabasamu, na nikabonyeza "Andika."

Mama Sein ndiye mwenyekiti wa kikundi. Anauza mbuzi sokoni na sauti yake haihitaji kipaza. Akasogea karibu na ukuta, akasoma neno kwa neno.

"Jina, Chifu. Rangi, nyekundu. Mwenyewe..." Akavaa miwani. "Mwenyewe, Kioko!"

Woi!

"Kioko gani?" Baba Resiato akauliza.

"Huyu wako hapa mbele," Mama Sein akasema.

Hata Chifu aliacha kutafuna. Nikatazama ukuta. Jina langu lilikuwa pale, kubwa, linang'aa.

"Futa," Baba Resiato akasema, polepole.

"Mzee... haifuti."

"Nani aliikataza?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Mimi."

Ukumbi ukapasuka! Kuna mzee alicheka mpaka akaomba kushikwa. Mama Sein akanipigapiga mgongoni. "Mchimba kisima huingia mwenyewe, kijana." Nikatazama kule nyuma. Resiato alikuwa amefunika uso kwa leso, na mabega yanatikisika, sikujua ni kicheko ama ni kilio. Hapo ndipo niliogopa kweli. Si aibu tena. Niliona namkosa hivi hivi, kwa sababu ya wingu.

Nikasema, tulia Kioko, kuna njia. Kufuta haiwezekani, lakini mwenye ng'ombe anaweza kumpa mtu mwingine. Nikaandika haraka: kutoka kwa Kioko, kwenda kwa Baba Resiato. Programu ikaniuliza sababu. Iko na majibu matatu tu: Ameuzwa, Amerithiwa, Zawadi. Sikuweka "Nimekosea." (Nikiunda sikuwaza kuna binadamu anaweza kukosea.) Sikuwa nimeuza. Hakuna aliyekufa, ingawa mimi nilikuwa karibu. Nikachagua "Zawadi."

Mama Sein akasoma tena, na wakati huu hakuhitaji miwani.

"Kioko anampa Baba Resiato fahali! Zawadi! Mbele ya watu wote!" Akanigeukia. "Na wazee wako wako wapi, wewe? Ng'ombe hupelekwa kwa wakwe hivi, peke yako, na laptopu?"

Vigelegele! Akina mama wakasimama. Nikajaribu kusema hapana, si hivyo, halafu nikawaza nikisema hapana, je, Resiato atasikiaje? Ndiyo hiyo, nimepeleka posa bila baba yangu, bila mjomba hata mmoja, na ng'ombe wa baba mkwe mwenyewe.

Simu ya Baba Resiato ikalia mfukoni. Akaitoa, akaiweka mbali na macho, akasoma.

"Inaniambia nikubali. Nikibonyeza hapa, itasomeka mpaka lini kwamba ulinipa?"

"Milele, mzee."

"Watoto wa watoto wangu watasoma nilitoa binti yangu kwa fahali wangu mimi mwenyewe?"

"...Ndiyo, mzee."

Akafikiria. Akafikiria tena. Akairudisha simu mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

"Basi sibonyezi. Leta mtamba kwanza. Wa kwenu, mwenye kwato, si wa ukutani. Mkuje naye na wazee wenu. Hiyo siku nitabonyeza."

Nikasema, "Sawa mzee, pole sana mzee," nikaanza kukunja nyaya nikijua nimemaliza maisha yangu. Nikatoka nje kichwa chini. Resiato akanifuata mbio, macho yamejaa machozi ya kicheko.

"Kioko, umesikia vile baba amesema?"

"Nimesikia. Amekataa."

"Amekataa nini? Amesema mje!"

Nikasimama. Nikarudia yale maneno kichwani, moja moja. Mtamba. Wazee wenu. Mkuje. Vivuli vya mawingu vilikuwa bado vinapita juu ya nyasi, na safari hii nilikuwa macho kabisa. Nikashika mkono wake hapo hapo mbele ya Chifu, sikujali nani anaangalia.

Baba Resiato akatokea mlangoni. "Wewe!" akaniita. "Mwenye fahali! Leo ni siku yake ya dawa ya kupe. Bomba ni ile pale. Si umesema daftari haijui uongo?"

Nikavua koti. Nimemnyunyizia Chifu mwili mzima, shati langu jeupe limekuwa rangi yake, na kiatu kimoja amekikanyaga hadi kikabadilisha umbo. Mpaka wazee wetu wafike, kila wiki naenda Kajiado kumhudumia mnyama wangu.

Sasa nawaomba. Aliye na mtamba mzuri wa kuuza, anitumie picha. Aliye na kicheko, akae nacho kwake.