Nyegere Aliyehama Mji wa Mama Mkwe

Jumanne, 15 Oktoba

Mama mkwe amelazwa leo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atarudi Jumamosi. Siku nne nzima bila kukosolewa ninavyokata kitunguu!

Kabla hajaingia kwenye gari alinikabidhi gemu yake kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kichanga. Yenyewe ni ndogo, rangi ya waridi, inaingia mfukoni. Ndani yake kuna mji uliokuwa magofu matupu. Kwa miaka minne ameufufua nyumba moja baada ya nyingine, na sasa wanaishi humo wanyama kumi na mmoja wenye kofia. Akasema kazi yangu ni kumwagilia maua na kumsalimu kila mkazi kila siku, la sivyo wananuna. Nisiguse kingine. Akarudia: nisiguse kingine. Kisha akamgeukia mke wangu Mieko, akamuuliza kama huyu mtu wa Nagoya amesikia.

Mtu wa Nagoya! Miaka kumi na tisa nimeoa nyumba hii. Nimehamia mji huu wa milimani, nawasambazia wenyeji mitungi ya gesi hadi mlango wa mwisho bondeni. Jina langu ni Tokuji. Hajawahi kulitamka.

Lakini nina mpango. Jumapili wazee wa ukumbi wa mtaa wanaonyeshana miji yao ya gemu. Mshindi hupewa sanduku la zabibu. Mwaka jana alishinda Bi Ogata, dada mdogo wa marehemu baba mkwe. Yeye na mama mkwe ni mawifi wasiosemezana tangu mazishi, miaka minne iliyopita. Kisa ni picha ya marehemu, ile ya kuweka mbele ya jeneza: kila mmoja anasema mwenzake alichagua mbaya. Siku hizi wanatumiana magugu tu, kupitia gemu.

Nikimshindia mama mkwe zabibu zile, ataniita kwa jina. Mbele ya watu!

Jumatano, 16 Oktoba

Maua nimemwagilia. Wakazi nimewasalimu. Mtu wa kawaida angeishia hapo.

Mchana niliegesha gari la gesi kando ya mto, tonge la wali mkono huu, gemu mkono ule. Nikaukagua mji kwa jicho la mtaalamu. Kasoro niliiona mara moja. Katikati ya uwanja, mahali panapolilia chemchemi, pamekaa kibanda cha nyegere mzee mwenye fulana ya kijani. Paa limepinda. Viatu vimetupwa nje. Nani anaweka kitu kama hicho katikati ya mji? Nikakihamishia nyuma ya jalala. Kubonyeza mara tatu tu, kwisha. Uwanjani nikajenga chemchemi ya ngazi tatu, yenye taa. Paris!

Nyegere akasimama mbele ya kibanda chake akinitazama, mikono kifuani. Nikamsalimu. Akajibu, "Nipo, usipige kelele."

Jeuri iliyoje! Nikamwambia kwamba maendeleo hayamngojei mtu. Nilisema kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa wake akaharakisha mwendo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nyegere hayupo. Kibanda kitupu, hata viatu hakuna. Kaacha barua: "Asante kwa miaka minne. Huku nyuma kuna upepo. Nimepata mji mwingine."

Sikujali. Wamebaki kumi, na wote wana paa zilizonyooka.

Jioni, tukila, nikamuuliza Mieko, hivi hivi tu, kama mama yake anampenda sana yule nyegere. Mieko akaweka vijiti vya kulia chakula chini.

"Yule ni Baba, Tokuji."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba gemu hii inakuruhusu kumfundisha mkazi maneno, naye atayasema kila ukimsalimu. Baba yake alikuwa akishinda bandani na misumeno yake. Mama akimwita kutoka jikoni, anaita mara tatu, mara nne, mpaka jibu linarudi: nipo, usipige kelele. Baada ya mazishi mama alimfundisha nyegere maneno hayo. Kila asubuhi, kabla hajafungua pazia, anafungua gemu na kumwita.

Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema sina sababu. Bakuli la supu nikalisukuma kando.

Nimemfukuza baba mkwe. Kwanza nilimtupa jalalani, ndipo nikamfukuza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeangusha mtungi mara mbili, na kuangusha mtungi wa gesi si jambo la mzaha.

Nimesoma kitabu cha maelekezo. Kinasema mkazi akihama huenda kwenye mji wa rafiki uliounganishwa kwa wifi. Nikafungua orodha ya marafiki wa mama mkwe. Yumo mmoja peke yake: Bi Ogata. Wifi kwa wifi!

Saa sita nilikuwa mlangoni kwake na mtungi ambao hakuagiza. Akasema mtungi wa juzi bado mzito. Nikasema ni ukaguzi wa usalama. Akasema haya, mkwe, ingia, mbona umepauka kama tofu. Mezani palikuwa na gemu yake, imelazwa kifudifudi. Birika likapiga mluzi, akaenda jikoni. Nikanyoosha mkono. Nilitaka kumchungulia tu, labda na kumrudisha haraka haraka.

"Ukiigusa naita mtaa mzima!" akapaza sauti kutoka jikoni.

Ana macho kisogoni yule! Akarudi na chai, akakaa, akakiri bila kuulizwa. Ndiyo, nyegere yuko kwake. Alifika jana asubuhi na begi moja. Nikaweka mikono sakafuni, na paji la uso juu ya mikono. Nikamsihi. Nikamwambia mama mkwe anarudi kesho, nikamwambia yale maneno, nikamwambia kila kitu. Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamevimba. Mafua, nadhani. Akasema nyegere hajamwambia kama anataka kurudi. Kisha akaniamuru nibebe mtungi wangu.

Moyo wa jiwe! Mtu anamnyima mjane jibu la mumewe kwa ajili ya sanduku la zabibu.

Basi, mpango wa pili. Kwenye gemu kuna stesheni, na kila treni hushusha mgeni mmoja. Nikakaa garini nikingoja nyegere mwingine. Akashuka bata. Akashuka mbuzi. Simu ikalia, mteja anauliza gesi yake iko wapi, ameloweka maharage. Bata tena. Hatimaye, jua likielekea mlimani, akashuka fisi maji. Si nyegere, lakini ana sharubu na ni mzee. Nikamvika fulana ya kijani. Nikamfundisha maneno, vidole vikikimbia. Chemchemi nikaivunja kwa mikono yangu mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, kibanda nikakirudisha pale pale.

Mtu aliyetoka kupasuliwa macho ataona nini? Kivuli chenye fulana. Nimeokoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sikuokoka.

Nilimfuata hospitali saa nne. Akatoka na miwani myeusi, nikamshika mkono kama kipofu. Akauchomoa. Akasimama mlangoni, akasoma kwa sauti namba ya gari langu kutoka mita arobaini. Kisha bango la duka ng'ambo ya barabara, pamoja na maandishi madogo ya chini. Akasema daktari ni fundi, yeye hajaona hivi tangu usichana wake. Akaniambia nina kovu kidevuni, hakuwahi kujua.

Njia nzima jasho lilinitiririka. Nikaendesha polepole. Nikazunguka kwa njia ya bwawa. Nikasema nasikia injini inagonga. Akasema injini haina neno, anayegonga ni mimi.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikaa, akanyoosha mkono, nikampa gemu. Mieko alikuwa akimenya matofaa. Nikasimama nyuma ya mama mkwe, nikaomba umeme ukatike, wa wilaya nzima.

Akatembea mpaka kibandani. Fisi maji akatoka. Mama mkwe akamsalimu. Maneno yakajitokeza, yote, makubwa, meusi:

"Nipo, usipike kelele."

Usipike! Niliandika usipike!

Kisu cha Mieko kikasimama kwenye tofaa. Mama mkwe akaisogeza skrini karibu na pua. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikapiga magoti, nikaanza kuungama tangu tonge la wali. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na daktari alimkataza.

"Mwenyewe asingezipika," akasema. "Alikuwa hajui hata kuchemsha yai."

Kisha kicheko kikaisha, akafuta macho kwa ncha ya leso. Akasema anajua tangu Alhamisi. Bi Ogata alimpigia simu wodini, mara ya kwanza tangu mazishi, akilia hata hasikiki. Alikuwa amefungua gemu yake akamkuta mgeni, akamsalimu, na mgeni akamjibu kwa maneno ya kaka yake. Wakazungumza mpaka muuguzi akaja kumnyang'anya simu. Picha ya marehemu hawakuigusia kabisa.

Nikauliza, basi kwa nini Bi Ogata hakumrudisha jana, nilipolala sakafuni kwake?

Mama mkwe akasema ni yeye aliyemkataza.

"Mwache akae huko. Alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu."

Mieko akatoka kwenda jikoni, maji yakafunguliwa kwa nguvu. Mimi sikujua niweke wapi uso. Mama mkwe alikaa akimtazama yule fisi maji na fulana yake, bila kubonyeza chochote. Kisha akanigeukia.

"Tokuji," akasema, "wewe ni mpumbavu."

Tokuji! Amesema Tokuji! Miaka kumi na tisa!

Jumapili, 20 Oktoba

Mama mkwe na Bi Ogata hawakuja ukumbini. Wameshinda kwa Bi Ogata tangu asubuhi, wanamwita nyegere kwa zamu. Mieko aliwapelekea chakula, akasema tangu mwanzo wa njia unasikia wakigombana nani alikuwa akipendwa zaidi.

Nikaenda peke yangu na mji wa mama mkwe. Miji ilikuwa minne. Nikawa wa nne, nyuma ya mzee aliyelala katikati ya maonyesho. Waamuzi walisema katikati ya uwanja pana shimo. Ni kando ya kibanda, pale palipokuwa na msingi wa chemchemi. Nikaifunga gemu.

Nimerudisha gemu kwa mwenyewe. Akaamuru nisiguse kitu chochote chenye betri humu ndani, hata tochi.

Jumatano, 23 Oktoba

Mawifi wameondoka asubuhi kwenda chemchemi za maji moto, siku mbili, begi moja. Nani angeamini wiki iliyopita? Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na kama nitasema ukweli katika daftari langu mwenyewe, aliyewapatanisha ni nani? Si daktari. Si simu. Ni mtu mmoja aliyethubutu kuhamisha kibanda.

Bi Ogata ameniachia gemu yake. Mama mkwe alipinga, stendi nzima ya basi ikisikia. Bi Ogata akamwambia amwachie mkwe, kumwagilia maua hata mtoto anaweza. Akaniangalia: maua tu. Nikainama. Maua tu.

Maua nimemwagilia. Wakazi nimewasalimu.

Lakini mto wake! Umejipinda kama nyoka mgonjwa, unakula nusu ya mji bure. Mtu mwenye sepetu angeunyoosha kwa mchana mmoja, nao wakirudi watakuta uwanja mpya, mpana, wa kukaa wote wawili.

Saa saba. Nimeanza.

Saa nane u nusu. Mto umenyooka vizuri sana. Maji yameingia nyumba ya tatu, lakini ni kidogo tu, ya vifundoni.