Mbwa Wangu Kazaa Vipofu Sita

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe mbele ya baba mkwe. Na sisemi kwa mafumbo. Shati lilikuwa wazi kweli.

Mnanijua mimi. Miaka tisa Uarabuni, hoteli kubwa, stashahada ya mapokezi (iko ukutani sebuleni, ina fremu, karibuni muione). Nimerudi Mwanza, nimejenga Ilemela juu ya mawe kwa jasho langu, bila kumpigia mtu magoti. Kitu kimoja tu pale kwangu sikukinunua mwenyewe: mbwa. Malkia nilipewa na baba mkwe, mwalimu mstaafu wa Butimba, siku niliyohamia. Aliniambia, "Mkwe, ukoo wa mbwa huyu umelinda boma letu tangu enzi za babu yangu. Nikiona unamtunza yeye, nitalala usingizi nikijua binti yangu naye yuko salama."

Maneno mazito hayo. Yashikeni.

Basi Malkia kazaa. Sita! Leo wametimiza siku kumi na moja. Asubuhi mke wangu, Suzana, akaenda Mwaloni kununua dagaa, nami nikaamua kufanya ukaguzi (huko hotelini nilikuwa nakagua vyumba arobaini kabla ya chai). Nikawageuza mmoja mmoja. Hakuna aliyefumbua macho. Siku kumi na moja!

Nikachukua sufuria na mwiko, nikapiga karibu na masikio yao. Pwaa! Hakuna aliyeshtuka. Pwaa! Aliyeshtuka ni jirani, Mama Pendo. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta.

"Jirani, kuna moto?"

"Napima masikio ya watoto wa mbwa."

"Ooh." Kichwa kikashuka taratibu, kama cha mtu anayerudi nyuma asimwamshe chui.

Nikatazama tena. Wamelala, lakini miguu inarukaruka, midomo inacheza, mgongo unashtuka. Mungu wangu, degedege! Vipofu, viziwi, na degedege juu yake!

Hapo mtu mwenye akili angemsubiri mkewe. Mimi nikampigia simu mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Habari za huko?"

"Baba, samahani, ila ule ukoo una kasoro. Malkia amezaa vipofu sita."

Nikasikia akizima redio.

"Na ni viziwi pia," nikaongeza (kana kwamba hilo lingempoza).

"Nani kasema?"

"Nimewapima mwenyewe, baba. Nina stashahada."

"Unawapeleka wapi?"

"Kwa daktari wa mifugo, Kirumba."

"Tukutane huko." Akakata.

Nikawatia kwenye boksi la televisheni yangu (inchi sitini na tano, ila hayo tuyaache). Malkia nikamfungia ndani asitusumbue. Nikapanda bajaji. Upepo wa ziwani unapiga, watoto wanalia. Tulipofika Kirumba walikuwa wamenyamaza. Nikamshika mmoja. Wa baridi kama sangara aliyetoka kwenye barafu. Nawaambia kweli, majivuno yote yaliniishia palepale. Niliona nitamrudishia mzee ukoo wa babu yake ndani ya boksi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mabuti ya mpira miguuni. Hakutaka hotuba.

"Mama yao yuko wapi?"

"Nimemfungia nyumbani, asisumbue."

"Asimsumbue nani?"

Nikaliinamia boksi.

"Fungua shati."

"Samahani?"

"Hawa hawana joto lao wenyewe. Joto lao ni mama yao, na mama yao umemfungia. Fungua shati!"

Nikafungua. Akanipangia wote sita kifuani. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa na mbuzi wake akavua khanga ya mabegani, akanifunga nayo vizuri kabisa, akanipapasa mgongo. "Pole, mwanangu. Wa kwanza huwa wagumu."

Polepole wakaanza kupata joto. Wakaanza kutembeza pua. Mmoja mweusi, mwenye bidii kuliko wenzake, akatafuta, akatafuta, akapata. Akashika. Akavuta!

"Aaaii!"

Na mlango ukafunguka. Baba mkwe, kofia mkononi.

Mzee akanitazama. Akatazama khanga. Akageuka, akaukabili ukuta, akawa anasoma tangazo la chanjo ya kuku kwa makini makubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaliambia tangazo. "Endelea tu, mkwe. Mtoto akishashika ziwa hakatizwi."

Mbuzi tu ndiye hakucheka.

Daktari, akifuta machozi, akaeleza. Watoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba, wote, hata wa wafalme. Macho hufunguka kwenye wiki ya pili, masikio yanafuata baadaye. Na degedege? Usingizi tu, wanarukaruka hivyo kwa sababu wanakua. "Hukusoma?"

"Nilisomea mapokezi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hata hayo umefeli," mzee akauambia ukuta. "Wageni wana siku kumi na moja tu, unawakaribisha kwa sufuria!"

Kisha daktari akamwinua yule mweusi. "Njoo, mzee, uone." Kwenye pembe ya jicho la kushoto palikuwa na ufa mdogo kama punje ya ufuta, na ndani yake kitu kinang'aa. Jicho! Mzee akasahau ukuta, akacheka kwa furaha. Mimi nililia. (Kidogo. Kulikuwa na vumbi.) Wazima! Wote sita wazima! Wala sijali kwamba kitu cha kwanza huyo maskini kukiona duniani ni kifua changu.

Tukarudi wote kwa bajaji, mzee ameshika boksi. Malkia akawalamba mmoja mmoja, kisha akaninusa kifuani kwa mashaka makubwa.

Nikadhani yameisha. Jioni hii nafungua kundi la ukoo wa Suzana kwenye simu, nakuta ujumbe wa mzee: "Wapendwa, watoto sita wote ni wazima. Mama yao alipata hofu kidogo lakini sasa anaendelea vizuri, na vifungo vya shati amefunga."

Pongezi zimefika thelathini. Mkiniletea uji wa uzazi, uacheni getini.