Kapsuli za Ulezi

Jailos wa Iyunga, Mbeya, aliposikia redioni kwamba wataalamu wametengeneza dawa mpya za homa ya ini aina C, vidonge vya wiki kumi na mbili tu, hakumwonea huruma mgonjwa hata mmoja. Aliona riziki. Kwa heshima zote za sayansi akanunua koti jeupe, maganda matupu ya kapsuli na unga wa ulezi wa kuyajaza, kisha akahamia Iringa, ambako sura yake ilikuwa bado haijazoeleka. Mkobani alitia pia vipimo vya damu, vipimo vya kweli kabisa. Maisha yake yote hakuwahi kuwa mwaminifu kiasi hicho, na ndiko kulikomponza.

Katika mtaa wa Mlandege alitua kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, cha mama Kalista.

"Kamwene, mama. Ini linaoza kimyakimya," alisema kwa sauti ya mazishini. "Nakutoboa kidole, mistari miwili ikitokea, dawa ninayo. Iko kwenye majaribio, ndiyo maana naitoa bei ya chini."

Kalista alimtazama, akautazama ulanzi aliokuwa amemkaribisha. "Daktari, kwetu anayekukaribisha kinywaji anaonja kwanza mwenyewe, ujue hakina sumu. Huo nimeuonja, umeniona."

"Nimekuona, mama."

"Basi na wewe onja. Anza na kidole chako."

Wanywaji wakaunga mkono. Jailos akajitoboa huku akitabasamu. Mstari wa kwanza ulipotokea aliendelea kuhutubia. Wa pili ulipotokea akanyamaza, jambo ambalo watu wa Iyunga wangelipa kiingilio kulishuhudia.

"Una bahati," alisema Kalista. "Dawa si unayo?"

Akameza kapsuli mbili mbele ya kilabu kizima. Aliogopa, tena aliogopa kweli, maana alimkumbuka mganga wa Ilomba aliyemchanja chale za mvuto wa biashara, wembe mmoja kwa wateja tisa. Mjanja wa Mbeya nzima alikuwa ameulipia wembe ule, na shukrani juu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya hospitali. Muuguzi alimwambia damu itapimwa tena kwa mashine, na ikithibitika, dawa mpya zipo na zinaponya. Jailos nusura alie.

"Kuna dawa yoyote umeshatumia?"

Jailos alilitazama koti jeupe alilolikunja magotini.

"Ulezi," akasema.

"Nani alikupa?"

"Daktari mmoja hivi. Akija hapa, dada, msimwamini."