Mpini Mweusi wa Bwana Radi

Radi alikuwa mpiga gofu hodari kuliko wote waliowahi kushika fimbo. Kasoro yake ilikuwa moja tu, tena ndogo: hajawahi kupiga gofu.

Jina la Radi alijipa mwenyewe. Wazazi wake walimpa jina la kawaida, linalomtosha kabisa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, lakini yeye aliona linambana mabegani. Basi kila alipokutana na mgeni alisema, "Niite Radi, wote wananiita hivyo," na baada ya miaka minne ya kubembeleza, kweli wote wakamwita hivyo.

Balaa lilianza saa ya chai. Mkurugenzi wa kiwanda, mzee mnene mwenye sauti ya upole, aliingia kantini na uso wa msiba. Siku ya mashindano ilikuwa inakaribia. Kila mwaka kiwanda cha rangi kilishindana gofu na kiwanda cha magodoro cha jirani. Si mchezo mzima, watu wana kazi! Ni pigo refu tu. Kila upande unatoa mtu mmoja, mtu anapewa mipira mitatu, na mpira uliokwenda mbali kuliko yote ndio unaochukua kombe. Mkurugenzi wa upande ulioshindwa husimama wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wafanyakazi na wake zao, akasoma hotuba ya kusifu bidhaa za mwenzake. Mkurugenzi wa rangi alikuwa amesifu magodoro miaka sita mfululizo.

"Mwaka jana nilisema godoro lao ni rafiki wa kweli," alisema akikoroga chai ambayo hajatia sukari. "Nimechoka, jamani. Atakayeniokoa mwaka huu, kile kiti cha meneja wa stoo ni chake."

Radi akasimamisha kikombe hewani. Stoo haikuwa na meneja tangu yule wa zamani astaafu. Kazi yote aliifanya Radi, na kila karatasi aliisaini "kwa niaba ya". Miaka miwili ya kwa niaba ya! Alikitaka kile kiti cha kuzunguka kuliko kitu chochote duniani, na nyumbani mkewe alikuwa amekwisha kuwatangazia dada zake wote kwamba mumewe amekikalia.

"Mzee," akasema, ulimi ukatoka kabla akili haijavaa viatu, "mimi mwaka juzi nilipiga mpira mmoja, mpaka leo haujatua."

Kantini nzima ikamgeukia.

"Haujatua?" akauliza mkurugenzi.

"Bado uko njiani, mzee."

Mtu mwenye akili zake angecheka. Lakini aliyesifu magodoro miaka sita hana anasa ya kuchagua mwokozi. Mkurugenzi akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Una fimbo yako mwenyewe?"

"Iko kwa fundi," akajibu Radi, na kuanzia hapo ikabidi kweli aende kwa fundi.

Alikwenda Jumamosi asubuhi, katika duka la vifaa vya gofu, akiwa amevaa koti, saa kubwa, na mama mkwe. Mama mkwe hakuwa sehemu ya mpango. Alikuja mjini kupimwa macho, mke wa Radi akatoa amri apelekwe na arudishwe, na duka likawa liko njiani. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mfupi, mtaratibu, aliyefua na kukung'uta mablanketi ya hospitali kwa miaka thelathini na miwili. Radi alimheshimu kama inavyopasa. Alimtafutia kiti, akamwekea mkoba wake magotini, kisha akamsahau.

Fundi wa fimbo alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe na miwani iliyofungwa kamba. Aliongea kama daktari aliyeshika majibu mabaya.

"Nataka drava," Radi akasema, maana neno hilo alikuwa amelisoma dirishani sasa hivi. "Ile fimbo kubwa kupita zote."

"Kichwa cha fimbo si shida," akasema fundi, akitandika mezani mipini mirefu, myembamba, inayong'aa. "Shida ni mpini. Kuna laini, kuna wa kati, kuna mgumu, na kuna mgumu sana. Mkono unaposhuka, mpini unapinda kidogo, halafu unajinyoosha pale pale unapogonga mpira. Mwenye mkono wa kasi tunampa mgumu. Mwenye mkono wa taratibu tunampa laini, umsaidie. Ukibeba mgumu na mkono huna, mpini haupindi ng'o! Mpira utaambaa chini kuelekea kulia, kama mbwa aliyefukuzwa jikoni."

"Nipe mgumu sana."

"Tunapima kwanza, bwana."

"Nani anampima Radi?"

"Pimwa tu, baba," akasema mama mkwe kutoka kitini. "Mimi nimepimwa leo asubuhi. Haiumi."

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye wavu, zulia la kijani na mashine ndogo sakafuni. Radi akavua koti. Akavua saa. Akatemea viganja. Akatikisa kiuno mara saba, kama alivyoona kwenye televisheni, akapiga ukelele na kushusha fimbo. Mpira ukaufikia wavu, ukaugusa kwa adabu, ukaanguka.

Mashine ikaandika: kilomita tisini na saba kwa saa.

"Tisini na saba!" Radi akaruka. "Hata basi la abiria haliruhusiwi!"

"Kwa fimbo," fundi akasema taratibu, "hiyo ni kasi ya mtu anayefukuza nzi." Akachomoa mpini mmoja wa rangi ya maziwa, una vijiua vya waridi kuanzia juu mpaka chini. "Huu hapa. Laini, mwepesi, gramu arobaini na tano. Wateja wangu wenye matatizo ya nyonga wanausifu sana."

Radi aliutazama kama mtu aliyeletewa sketi. Vijiua! Mbele ya watu wa magodoro!

"Mashine yenu mbovu," akasema. "Imekwama. Mpe hata mama hapa apige, itaandika tisini na saba hiyo hiyo!"

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini fundi alikuwa mtu asiyejua mzaha. Akamshikisha mama mkwe fimbo ya majaribio. Mama akaweka mkoba chini, akavua viatu, akakaza nguo kiunoni, akautazama mpira kwa muda.

"Nipige kama blanketi," akauliza, "au kama zulia?"

"Kama unavyopenda, mama."

"Zulia, basi. Blanketi nalionea huruma."

Paaa! Mpira haukuonekana ukienda. Kilichoonekana ni wavu ukivimba, ndoano mbili zikichomoka ukutani, na fundi akivua miwani na kuivaa tena. Mashine ikafikiri kidogo, halafu ikaandika: mia moja sabini na nane.

"Nimeharibu kitu?" akauliza mama mkwe.

Fundi alikwenda kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, akatoa mpini mweusi tii, mgumu sana, gramu sabini na tano. Akaubeba kwa mikono miwili. "Huu umekaa humu miaka mitano," akasema kwa sauti ya kutetemeka. "Hajapatikana wa kuupinda. Mama, huu ni wako."

"Ufunge kwenye fimbo," akadakia Radi. "Nauchukua mimi."

"Lakini ni wa mama."

"Mama mkwe wangu na mimi ni kitu kimoja! Funga!"

Na mashine ilipotema vikaratasi viwili vya majibu, Radi akakunja cha tisini na saba kikawa kidogo kama kidonge, na cha mia moja sabini na nane akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Mama mkwe aliona yote. Macho yake, kama daktari alivyothibitisha asubuhi ile, hayakuwa na tatizo la mbali. Wakiwa njiani kurudi akasema polepole, "Baba, wahenga walisema nguo ya kuazima..."

Akaishia hapo. Methali hiyo ina mwisho wake, na mwisho huo unataja mahali ambapo mama mkwe hapataji mbele ya mkwewe. Radi akashukuru kimoyomoyo kwamba kuna heshima duniani.

Jumatatu kikaratasi kilibandikwa ukutani stoo, baada ya kukatwa kwa mkasi pale juu fundi alipokuwa ameandika "Bibi wa zulia". Wapakiaji walikuja kukisoma mmoja mmoja. Mkurugenzi alikuja akakisoma mara tatu, akatoka, na alasiri ile kile kiti cha kuzunguka kikahamishwa kutoka ghorofani hadi mlango wa stoo, kikasimamishwa pale na nailoni yake. Radi akawa anakipangusa vumbi kila asubuhi. Hakukikalia, alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Je, alifanya mazoezi? Hapana. Mazoezi ni ya wasio na mpini! Alichohangaikia ni suruali. Gofu bila suruali nyeupe, alimwambia mkewe, ni kama harusi bila bwana harusi. Akaazima ya jirani, mpiga tarumbeta wa bendi, suruali safi yenye mstari wa kukata kidole. Jirani alikuwa mwembamba zaidi yake kwa matundu mawili ya mkanda. Radi aliivaa amelala chali, mkewe akivuta upande huu na mama mkwe akitazama dirishani.

Siku ikafika. Uwanja wa kijani, hema la chakula, viwanda viwili vimekaa pande mbili. Aliyeajiriwa kupima umbali, kwa bahati ambayo Radi hakuiombea, alikuwa yule yule fundi mwembamba, na futi yake ndefu begani. Upande wa magodoro ulimtoa dereva wao wa lori, mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa. Mpira wake bora ulikwenda mita mia mbili na arobaini. Wenzake wakashangilia, na mkurugenzi wa magodoro akamtupia jicho mwenzake. "Hotuba umeandika, au usome ya mwaka jana?"

"Subiri," akasema mkurugenzi wa rangi. "Sisi tuna Radi."

Radi akatembea kwenda kwenye mpira kwa hatua fupi fupi, si kwa maringo bali kwa suruali. Mpini mweusi uling'aa juani. Akatemea viganja, akatikisa kiuno. Akapiga.

Hewa tupu! Mpira ulikuwa pale pale.

"Naupasha moto," akaeleza, na akahurumiwa, pigo lile halikuhesabiwa.

Mara ya pili akaupata. Mpini haukupinda hata unywele. Mpira ukaambaa chini, kulia, ukaingia hemani, ukapita chini ya meza tatu na kutokea kwenye bakuli la mchuzi, mbele ya dada wa mkewe. Kule magodoro watu walianza kulia machozi. Mkurugenzi wa rangi alikuwa ameshatoa karatasi mfukoni na midomo yake ilikuwa inachezacheza, akijikumbusha maneno ya rafiki wa kweli.

Mpira wa pili nao ukaufuata wa kwanza hemani. Ulibaki mmoja. Radi akatazama hemani. Akamwona mkewe amefumba macho. Akakiona kile kiti akilini, kinazunguka chenyewe, kinaondoka. Basi akakusanya nguvu zote alizonazo na alizowahi kujisifia, akainua fimbo mpaka nyuma ya kisogo, akajipinda.

Mpini ukakataa kupinda. Suruali ikakubali.

Krrraaaak! Mlio ule ulifika mbali kuliko mpira wowote wa siku ile. Radi alibaki amesimama na fimbo juu, mpira uko mahali pake haujaguswa, na upepo mwanana ukimpitia mahali ambapo upepo haumpitii mtu hadharani. Alikuwa amewapa kisogo wageni waalikwa wote.

"Huo mpini si wake!" fundi akapayuka, maana alishindwa kuvumilia kuona kazi yake ikidhalilishwa. "Nilimpimia yule mama pale! Mia moja sabini na nane ni za mama!"

Mkurugenzi wa rangi akamtazama Radi, akamtazama mama mkwe, akaikunjua karatasi, akaikunja.

"Mpira wa tatu haujapigwa," akasema.

"Mwache bibi apige!" akasema mkurugenzi wa magodoro, akijipangusa machozi ya kicheko. "Mimi nimeruhusu! Apige na mkoba wake!"

Mama mkwe akaja bila haraka. Akavua viatu, akavipanga vizuri. Akaipokea fimbo kutoka mikononi mwa mkwewe bila kumtazama, kwa heshima, maana hapakuwa na upande salama wa kumtazama.

"Zulia," akajiambia.

Mpini mweusi ukapinda kama uliokuwa unasubiri miaka mitano kufanya hivyo. Fundi alitembea na futi yake mpaka akawa mdogo kule mbali, na aliporudi alikuwa analia waziwazi. Mita mia mbili sitini na moja!

Mkurugenzi wa magodoro akasimama akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba rangi hii hukauka haraka na haina harufu. Mkurugenzi wa rangi akamwomba arudie.

"Mama, kiti cha meneja ni chako," akasema kisha. "Nimeahidi, na ahadi ni deni."

"Asante, baba, mimi nimestaafu," akajibu mama mkwe. "Tena hicho kinachozunguka kitanipa kizunguzungu. Mwakani nitakuja kupiga. Huyu atanibebea mkoba."

Fomu ya kupokea kombe ilihitaji sahihi ya mshindi, lakini mshindi alikuwa ameanza kula. Basi ikamwangukia Radi. Akashika kalamu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa nyuma kazini, akaandika kama alivyozoea: kwa niaba ya.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama kando yake, amevua mtandio wake anampa.

"Jifunge kiunoni, baba."

Radi akajifunga. "Mama," akasema, "siku ile, ile methali hukuimalizia."

"Na leo siimalizii," akasema mama mkwe. "Watu wote wameshauona mwisho wake."